Besi ni ya Chumba, Sauti ya Mtu ni ya Spika

Spika za kutengeneza kwa mkono huuzwa kwa besi. Mteja anakaa kwenye kochi, fundi anaweka singeli, kifua kinatetemeka, bei inatajwa. Hapo ndipo hela nyingi za watu zinapopotea, kwa sababu besi ile aliyoisikia mteja, kwa sehemu kubwa, si ya spika. Ni ya chumba. Spika atazipakia kwenye bajaji aondoke nazo, chumba atakiacha palepale, na akifika kwake atajiuliza ule mziki mnene umepotelea wapi.

Naandika haya baada ya kushinda kwenye chumba cha kusikilizia cha fundi mmoja hapa Dodoma, upande wa Ilazo. Chumba kina urefu wa mita 5, upana wa mita 4, na dari iko mita 3 juu. Kuta ni za tofali za saruji zilizopigwa plasta, sakafu ya vigae yenye zulia moja katikati, dari ya jipsamu. Nyuma ya kochi amebandika trei za mayai ukutani. Mbele zimesimama jozi mbili alizozitengeneza mwenyewe: ndogo za kuweka juu ya stendi, na ndefu za kusimama sakafuni. Ni mtu wa subira. Aliniacha nisogeze kochi, nibadilishe nyaya, hadi tukazitoa spika nje. Bila ruhusa ya namna hiyo huwezi kuhukumu chochote, kwa sababu unasikia vitu vitatu kwa pamoja na masikio hayana namna ya kuvitenganisha: spika yenyewe, chumba, na ukubwa wa sauti iliyofunguliwa. Cha nne ni macho, nitayafikia.

Tuanze na chumba maana ndicho kinachodanganya zaidi. Sauti husafiri hewani takribani mita 343 kwa sekunde joto likiwa nyuzi 20. (Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, lakini hilo halibadilishi kitu, mwendo wa sauti hufuata joto la hewa, si wepesi wake.) Gawanya mwendo huo kwa hezi, yaani mitetemo kwa sekunde, unapata urefu wa wimbi. Sauti kali ya hezi 10,000 ina wimbi la sentimita 3.4. Ya hezi 1,000, sentimita 34. Besi ya hezi 40 ina wimbi la mita 8.6, refu kuliko chumba chenyewe. Wimbi hilo linagonga ukuta, linarudi, linakutana na lingine linalokuja. Kwenye masafa fulani, yaani hezi fulani, linaloenda na linalorudi hupandana na kusaidiana, chumba kikaanza kuvuma. Kuyajua masafa hayo ni hesabu ya darasa la saba: chukua 343, gawanya kwa mara mbili ya urefu wa chumba. Kwa chumba cha fundi, urefu unatoa hezi 34, upana hezi 43, kimo hezi 57. Kisha kila moja inajirudia kwa mara mbili, mara tatu, na kuendelea.

Sasa chukua chumba ambacho wengi wetu tumewahi kukipanga, futi 10 kwa 10, dari nayo ikiwa futi 10 au jirani na hapo. Futi 10 ni mita 3.05. Pande zote tatu zinatoa jibu moja: hezi 56. Mivumo mitatu inapandana mahali pamoja, na ngoma nzito ya bongo fleva mara nyingi hutua jirani na hapo. Ndiyo maana sabufa iliyokuwa tulivu dukani inageuka kero chumbani, jirani anagonga ukuta, na mwenye nayo anaamini amenunua mtambo wa nguvu. Vipimo vya chumba ndivyo vinavyopiga.

Mvumo huu hausambai sawasawa. Hujaa kwenye kuta na zaidi kwenye pembe, na katikati, kwa ule wa kwanza, karibu haupo kabisa. Kochi la fundi lilikuwa limeegemea ukuta wa nyuma, na sebule nyingi ndivyo zilivyo. Pale ndipo besi inapokuwa nene kupita kiasi. Nilimwomba aweke kwenye simu programu ya kutoa mlio mmoja mmoja, tukapanda taratibu kutoka hezi 30 hadi 120. Kwenye hezi 68, ambayo ni mara mbili ya ule mvumo wa urefu, chumba kilinguruma hadi kioo cha dirisha kikalia. Tukalisogeza kochi mbele mita moja na robo kutoka ukutani. Mlio uleule, sauti ileile kwenye amplifaya, na ngurumo haikuwepo. Tulipofika hezi 57, nikiwa nimekaa naisikia vizuri. Nikasimama ikanyong'onyea, kwa kuwa masikio yalikuwa yamefika karibu na nusu ya kimo cha chumba, palepale mvumo wa dari na sakafu unapofia.

Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na hakina gharama. Mvumo unaobadilika ukihama kiti ni wa chumba. Unaobaki vilevile popote ulipokaa ni wa spika.

Manfred Schroeder, mwanafizikia mzaliwa wa Ujerumani, aliliweka jambo hili kwenye hesabu. Kila chumba kina mpaka wa masafa. Chini yake kuna mivumo michache iliyoachana, na kila mmoja unasikika peke yake; juu yake mivumo ni mingi kiasi kwamba inachanganyika na kupoteza ubabe. Kwa chumba cha ukubwa wa sebule, mpaka huo unaangukia karibu na hezi 200. Kwa hiyo unaposikiliza spika kwenye chumba cha mtu, yote yaliyo chini ya hapo yachukue kwa tahadhari. Yaliyo juu yake, ambayo ni sehemu kubwa ya sauti ya binadamu, gitaa, zeze, tarumbeta, ndipo fundi anapoonyesha kazi yake.

Kuhusu trei za mayai nisizunguke: kwa besi hazifanyi lolote. Zulia na pazia hunywa sauti za juu tu. Kitu kinachonywa besi lazima kiwe kinene, godoro la sponji lililosimamishwa kwenye pembe lina maana zaidi ya trei mia, na hata hilo huanza kufanya kazi kwenye mamia ya hezi, si kwenye 50. Dari ya jipsamu inasaidia kidogo kwa sababu hunepa na kumeza sehemu ya besi. Zege halimezi kitu.

Jioni upepo ulipotulia tukazitoa spika uani, tukaziweka juu ya meza mbali na ukuta wa nyumba. Dodoma ina bahati ya viwanja vilivyo wazi, na uwanja ulio wazi ndicho chumba kisicho na kuta. Wenye maabara hujenga vyumba vya gharama kubwa vilivyojaa sponji ili kupata hali hiyo. Mtu asiyejua atavunjika moyo, kwani besi hupungua ghafla: zile kuta zilizokuwa zinairudisha hazipo. Zote mbili zilipungua. Ila ndefu zilishuka chini zaidi kabla ya kuisha, na hilo lilikuwa lao halisi, halikutokana na chumba. Na kuna kingine kilichojitokeza. Ule mlio ulipopita karibu na hezi 180, spika ndefu ilitoa sauti ya debe. Ndani nilikuwa nimeisikia nikadhani ni chumba. Huko nje hakukuwa na chumba cha kusingizia. Fundi akaweka kiganja kwenye ubavu wa boksi, mlio ukiendelea, akakitembeza taratibu kutoka juu kwenda chini hadi akapata mahali mbao inapotetemeka kuliko kwingine. Akapachora msalaba kwa penseli. Hapo, akasema, patakuwa na mkingamo ndani, ubavu ukamatwe na ubavu wa pili.

Boksi ni kazi ya useremala iliyofungwa kwenye fizikia. Koni ya spika, ule uso wake unaotetemeka, inaposukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta. Hewa ya mbele na ya nyuma zikikutana zinafutana, ndiyo maana spika bila boksi haina besi. Kusukumwa kwa koni na koili iliyo kwenye sumaku ni ufundi wa Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric, Marekani, waliouchapisha mwaka 1925, na mpaka leo spika nyingi duniani zinafanya kazi kwa kanuni hiyo. Namna ya kuifungia ndiyo iliyobadilika. Ukiliziba boksi kabisa, hewa ya ndani inakuwa springi. Edgar Villchur aliuza spika ndogo za mtindo huo Marekani kuanzia miaka ya 1950. Ukiweka bomba, hewa iliyo ndani ya bomba inacheza juu ya hewa iliyo ndani ya boksi, kama unavyopuliza mdomo wa chupa ya soda tupu, na inatoa besi yake yenyewe pale koni inapoanza kuchoka. Spika zote za fundi huyu ni za bomba. Zile ndogo zina boksi la lita 40 na kipande cha bomba la plastiki la inchi 3, lilelile la maji, chenye urefu wa sentimita 15. Nilipiga hesabu: inatoa takribani hezi 40. Bomba likiwa refu zaidi inashuka, likiwa fupi inapanda.

Hesabu hizi zamani hazikuwa mikononi mwa mafundi wa kawaida. Neville Thiele, mhandisi wa Australia, alizichapisha mwaka 1961, Richard Small akaziendeleza miaka ya 1970, na sasa wufa (ile spika kubwa ya sauti za chini) yoyote ya maana inakuja na karatasi ya namba zake. Fundi anaziingiza kwenye programu ya bure, anaambiwa lita ngapi na bomba la urefu gani. Mimi naliona hili kama jambo kubwa. Seremala wa Dodoma na kiwanda cha Denmark wanatumia kanuni ileile. Kinachowatofautisha ni vifaa, vipimo na uvumilivu. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza fundi si bei wala wati. Muulize karatasi ya wufa iko wapi. Asiyekuwa nayo amekisia boksi, na boksi la kukisia huvuma sehemu moja.

Mbao. Hapa nina msimamo na najua baadhi ya mafundi hawataupenda. Mninga ni mti mzuri, rangi yake ikipigwa vanishi haina mfano, na mteja akiona boksi la mninga mtupu anatoa hela haraka. Lakini mbao nzima hupanuka na kusinyaa na unyevu wa hewa, na Dodoma kuanzia Mei hadi Novemba hewa ni kavu kwelikweli. Mbao iliyotoka misitu ya Tabora au Katavi ikaunganishwa kabla haijakauka sawasawa itasinyaa kukatisha nyuzi zake, kiungo kitaachia, na ufa mwembamba unaotosha kupitisha hewa unatosha pia kuiua besi. Plaiwudi haina tabia hiyo kwa sababu matabaka yake yamepishanishwa nyuzi. Ya msonobari inatoka Mafinga, haiko mbali. MDF, mbao ya unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, nayo ni tulivu, ila isiloe. Fundi wangu ametumia plaiwudi kwa boksi zima na kuweka mninga usoni tu, na nadhani ndiyo njia. Kujua kama boksi linavuja, ziba bomba kwa kiganja, kisha sukuma koni ya wufa taratibu kwa vidole vilivyotandazwa kuzunguka katikati. Ikirudi polepole, boksi limeziba. Ikirudi papo hapo, kuna mahali hewa inatoka. Twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, usiiguse kabisa.

Tufike kwenye sauti ya mtu, maana hapo ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Wufa ya inchi sita na nusu haiwezi kupiga sauti za juu vizuri. Kadiri masafa yanavyopanda, sauti yake inakusanyika mbele na kuacha pembeni patupu. Twita nayo haiwezi kushuka, itaungua. Kwa hiyo kuna mahali zinapokabidhiana, kwa kawaida kati ya hezi 2,000 na 3,000, na anayezisimamia ni krosova: koili za waya wa shaba zinazozuia sauti za juu zisiende kwenye wufa, na kapasita zinazozuia sauti za chini zisiende kwenye twita. Makabidhiano hayo yanatokea kwenye masafa ambayo sikio la binadamu ni kali kuliko popote. Kosa dogo hapo linasikika kuliko kosa kubwa la besi.

Namna ya kulikamata ni rahisi. Usiweke muziki, weka mtu anayeongea. Taarifa ya habari inatosha, tena msomaji ambaye sauti yake umeizoea kwa miaka. Sikiliza "s" na "sh". Kwenye spika yenye twita iliyoachiwa bila kupunguzwa, "serikali" inatema mate. Kwenye ile ambayo krosova imeacha shimo, msomaji anasikika kama amefunika mdomo kwa leso. Kisha ukiwa unamsikiliza, simama taratibu, kaa, simama tena. Sauti ikibadilika rangi sana unaponyanyuka, wufa na twita hazijapatana wakati, zinasaidiana kwenye kimo kimoja na kufutana kwenye kingine. Spika ndogo za fundi zilifaulu hili vizuri. Ndefu, zenye twita ileile, hazikufaulu. Aliiweka mbali mno na wufa ili uso wa boksi upendeze, na sikio lililipia.

Baada ya hapo weka kitu ambacho umewahi kukisikia kikipigwa mbele yako bila umeme. Hapa watu wa kanda ya kati tuna utajiri ambao hatuutumii. Muheme ni ngoma inayopigwa na akina mama Wagogo, vidole na viganja juu ya ngozi, na aliyewahi kusimama karibu Chamwino anajua ule mlio wa ngozi una mwanzo mkavu na mkia mfupi. Spika ikikuongezea mkia, umeshajua. Ilimba, ala ya Wagogo ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ni mtihani mgumu zaidi: juu ya sauti safi ya chuma kuna mzizimo mwembamba (mlio kama wa nyuki) unaoiandama, na mzizimo huo ni sehemu ya ala, si kasoro. Hukwe Zawose, Mgogo aliyezaliwa 1938 na kufariki 2003, alirekodi ala hii na kampuni za nje kwa ubora mkubwa, hivyo rekodi nzuri zipo. Nilipoiweka, zile ndefu ziligeuza mzizimo kuwa mchakacho. Zile ndogo ziliutenga: chuma kikasikika kama chuma, mzizimo ukakaa nyuma yake, na sauti ya mwimbaji ikasimama mbele katikati ya spika mbili mahali ambapo hapakuwa na spika. Nilirudia mara kadhaa kwa sababu tu ilikuwa nzuri.

Kuhusu hilo la katikati. Nyimbo nyingi za dansi za zamani zilirekodiwa kwa mono, chaneli moja, na watu huziona hazifai kupimia. Zinafaa sana. Mono ikipigwa kwenye spika mbili zinazofanana, mwimbaji lazima asikike katikati kabisa, mwembamba, ametulia. Akiyumba upande au akitawanyika, jozi haifanani, au waya wa spika moja umegeuzwa chanya kwa hasi. Likiwa la waya utaona pia besi imekimbia. Geuza waya za upande mmoja, usikilize tena.

Ukubwa wa sauti nao una hila yake. Watafiti wa usikivu Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo sikio linaipoteza besi haraka kuliko sauti za kati. Ongeza kidogo, na besi inaonekana imejaa, muziki umechangamka. Spika inayolia zaidi kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) moja au mbili itaonekana bora hata kama ni mbovu, na wauzaji wanalijua hilo. Kila unapolinganisha jozi mbili, pima kwa programu ya simu ukiwa kwenye kiti, uzisawazishe kwanza. Zile namba za wati zinazobandikwa kwenye maboksi, elfu tano, elfu kumi, zipuuze zote. Spika inayotoa desibeli 90 kwa wati moja umbali wa mita moja inalia sawa na ya desibeli 87 iliyopewa wati mbili, na sebule ya kawaida, kwa usikilizaji wa kawaida, haihitaji wati nyingi.

Na macho. Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive walichapisha jaribio walilofanya kwa wasikilizaji 40 katika kampuni ya spika ya Harman: spika zilezile, mara moja zikionekana, mara nyingine zikiwa nyuma ya pazia. Alama zilibadilika kwa kuona tu umbo na chapa. Nilimwambia fundi akaleta kanga mbili, tukazitundika kwenye kamba mbele ya spika, kijana wake akawa anabadilisha waya bila kusema. Kanga inapunguza sauti za juu kidogo, lakini kwa jozi zote sawasawa. Nilichagua zile ndogo kila mara. Fundi mwenyewe, ambaye asubuhi alikuwa ananisifia ndefu, alichagua ndogo pia, na akakaa akiziangalia baada ya kanga kushushwa.

Ukiamua kununua, mwombe mambo mawili. Moja, ukae nazo kwako siku chache kabla ya kumalizia malipo, maana sasa unajua chumba chako kitasema neno lake. Pili, bomba asiligundishe. Akupe lenye urefu wa sentimita 20 lililobanwa kwa msuguano tu, uende nalo nyumbani, uweke spika mahali zitakapokaa, kisha ulikate sentimita moja moja huku ukisikiliza kutoka kwenye kiti chako. Ukipitiliza, kipande kingine cha bomba la inchi 3 kinapatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi.